Amplifaya Iliyomnyamazisha Babu Yako

Natalia wangu,

Salamu tumeshamaliza. Asubuhi umenipa shikamoo nikiwa nimeinama nafagia uwanja, nikaitikia bila kuinuka, kisha ukaenda Endagikot kumuaga shangazi yako. Sasa ni mchana, maharage yako jikoni, nami nimekaa mezani na kalamu. Utashangaa mama yako anakuandikia barua wakati unarudi hapa hapa kabla ya jioni. Ni kwa sababu unanijua. Nikifungua mdomo nitaanza kujisifu, utacheka, nami nitacheka, na jioni itatufikia kabla sijasema ninalotaka. Kwenye karatasi najisifu pia, lakini angalau naweza kurudi nilipoachia.

Mambo ya sweta, sabuni na kusali siandiki. Hayo unayajua, na usiyoyajua utayajua ukipigwa na baridi.

Tangu Jumapili majirani wanapita hapa kuniuliza kama nimelia kwa kuwa unahamia Babati. Sijalia. Nawaambia Babati ni pale tu, na tangu tupewe mkoa wetu wenyewe, makao yake yakawekwa huko, kila mtu anakwenda Babati kama anakwenda kisimani. Mdomo unasema vizuri. Mikono ndiyo haisikii. Leo nimeshika sufuria bila kitambaa, nikakaa nayo kidogo ndipo nikajua kwamba ni ya moto. Sikuambii ili unihurumie. Nakuambia kwa sababu ndivyo ilivyo, na ilikuwa hivyo pia baba yako alipofariki, na mtu asiyeijua hali hii hawezi kuelewa kwa nini nilinunua ile amplifaya.

Nianze na baba yako. Wakati ule biashara ilikuwa imefunguliwa, na kila mwenye gunia la vitunguu saumu alijiita mfanyabiashara. Baba yako hakujiita, alikuwa. Aliuza vitunguu hadi akapata pikapu, chakavu lakini inayotembea, na mimi ndiye mwanamke wa kwanza hapa Tlawi kukaa mbele kwenye gari la mume wangu nikiwa nimeegemeza kiwiko dirishani. Waulize. Wapo wanaokataa, lakini hao walikuwa mashambani siku hiyo.

Akaona pikapu ikirudi tupu ni hasara, akaifanya gari la matangazo. Alifunga spika mbili juu ya keria, zile zenye midomo mipana, na amplifaya ndogo ya kukuza sauti chini ya kiti. Wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa unalala juu ya hicho kiti kwa sababu kilikuwa na joto. Nilimuuliza kwa nini amechagua ndogo hivyo, wakati dukani zilikuwepo zenye maandishi makubwa. Akaigeuza akanionyesha fyuzi ubavuni. Akasema, "Kwenye boksi wanaandika wanachotaka. Hapa kwenye fyuzi hawawezi kudanganya sana. Angalia inakula umeme kiasi gani, ndipo ujue inaweza kutoa kiasi gani. Haiwezi kutoa isichokula."

Mimi nilisikia, nikasahau. Wewe ulikuwa umelala, lakini naona ni wewe uliyeshika.

Kazi yetu ya kwanza kubwa ilikuwa Gehandu, kwenye mnada wa ng'ombe. Baba yako alitaka tuingie kimya, tutafute pa kusimama, kisha aseme polepole. Mimi nikamwambia gari la matangazo haliingii kimya kama mgeni wa kukopa. Nikaweka kanda ya kwaya, nikazungusha kitufe hadi mwisho. Natalia, ng'ombe wa pale hawakuwa wameokoka. Walivunja zizi la matawi upande mmoja wakatawanyika hadi kwenye korongo. Mchunga ng'ombe mmoja wa Kidatoga, mrefu, shuka yake begani, alikuja hadi dirishani kwangu bila haraka yoyote.

"Mama, umekuja kuuza au kufukuza?"

"Nimekuja kutangaza."

"Haya. Watangazie ng'ombe warudi."

Baba yako alicheka hadi akainamia usukani. Halafu alishuka akaenda kusaidia kukusanya, nami nikashuka, nikakimbiza ng'ombe wa watu nikiwa na kitenge kipya na viatu vya kanisani. Yule mchungaji akawa ananielekeza kwa fimbo, "Mama Kwaya, huyo mwekundu, huyo, mzunguke," na jina hilo la Mama Kwaya likakaa Gehandu hadi leo. Mnada uliofuata baba yako alielekeza spika kwa wanunuzi, zikawapa ng'ombe mgongo, akaanza na sauti ndogo akipandisha kidogo kidogo. Hakuna ndama aliyeinua kichwa. Yeye alijifunza kwamba sauti ina uso na ina mgongo. Mimi, nikuambie ukweli, nilijifunza jambo jingine kabisa. Nilijiambia kama kidude kidogo namna hii kimefukuza ng'ombe wa Hanang, kikubwa kitafanya nini?

Baba yako alipofariki nyumba ilinyamaza. Hakuwa mtu wa maneno mengi, kwa hiyo sijui hata ni sauti gani iliyopungua, lakini ilipungua. Watu walikuja, walikaa, walikula, waliondoka. Kaka yako Safari alishika shamba. Wewe ulikuwa umemaliza kidato cha nne na ulikuwa unanitazama sana. Nilikuwa nafanya kila kitu. Nilikamua, nilipika, nilipeleka vitunguu sokoni. Kama ungenichoma sindano ungesubiri sana nishtuke.

Siku moja nilikwenda Arusha na mzigo, nikapita kwenye yale maduka ambayo bidhaa zilikuwa zimejaa hadi nje barabarani. Muuzaji alikuwa kijana mwenye cheni shingoni. Akaniona ninatazama amplifaya kubwa.

"Mama, hii ukiiwasha Mbulu, Karatu watauliza kuna nini."

"Nifungie."

Hakuna nilichouliza zaidi. Nilibeba boksi mapajani njia nzima, nikalisoma kama mtu anayesoma Zaburi. Nilipofika ulilifungua, ukaitoa, ukaigeuza ubavuni kama alivyofanya baba yako, na hukuwa umewahi kuambiwa. Ukasema, "Mama, fyuzi ni ndogo kuliko maneno yake." Nikakuambia wewe ni mtoto. Ulikuwa na miaka kumi na minane na ulikuwa umesema kweli. Ilikuwa kubwa kuliko ya baba yako, hilo halina ubishi, lakini haikuwa nusu ya kilichoandikwa. Na kwa sababu nilitaka itoe kilichoandikwa, nilikuwa naisukuma hadi sauti inapasuka. Uliniambia kitufe kile cha pembeni si cha kuongeza sauti, ni cha kuilinganisha amplifaya na redio, na kwamba sauti ikipasuka ndipo spika zinapoungua, hata kama amplifaya yenyewe ni dhaifu. Nikasema nimeelewa. Sikuelewa. Nilielewa spika ya kushoto ilipoungua, nikalipia nyingine.

Na kabla ya hapo, siku ya kuifunga, ulisema waya ni mwembamba. Ulikuwa ni ule ule aliotandika baba yako kwa mkono wake, kutoka kwenye betri, kupita chini ya kapeti hadi kwenye kiti. Nikasema waya wa baba yako usiguswe. Hukubisha. Ukaiunga amplifaya mpya kwenye waya ule, na ninajua ulijua kitakachotokea, na ninajua kwa nini ulinyamaza.

Tulikuwa njiani kwenda Dongobesh nilipoisikia harufu. Nadhani niliisikia mapema kuliko wewe. Sikusimama. Niliendesha nikiwa nanusa plastiki inaungua, nikawaza tu, kumbe inanuka hivi. Ni wewe uliyesema, "Mama, simama. Mama." Ukashuka kabla gari halijatulia, ukafungua boneti, ukang'oa waya kwenye betri kwa kitambaa cha kichwani kwako. Kapeti ilikuwa imeungua tundu la kuingiza mkono. Tulikaa kando ya barabara. Hukunigombeza. Ulisema, "Amplifaya hii inataka kunywa na mrija ni mwembamba, ndiyo maana mrija umeungua. Nikinunua waya mnene nitauweka njia ile ile aliyopitisha baba. Sawa?" Nikasema sawa.

Nimewaza sana kuhusu hilo. Watu wakikuuliza ulifundishwa na nani, sema ulifundishwa na baba yako. Kupitisha kitu kipya kwenye njia ile ile ili mama asiumie, hilo sijui ulifundishwa na nani.

Uliufunga waya mnene, ukaweka fyuzi yake karibu na betri, si kule kwenye kiti, ili moto ukianza usafiri hatua mbili tu. Ukakwangua rangi ya bodi hadi chuma kikang'aa, ndipo ukafunga waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme kwenye bodi. Nilipoona unakwangua rangi ya gari nilipiga kelele, ukaniambia umeme haupiti kwenye rangi, unatafuta chuma. Ukatoa ile betri ya nyumbani niliyokuwa nimeiunganisha na betri ya gari, kwa kudhani mbili ni bora kuliko moja. Ukaniambia betri mzee ukiiunga na mpya, mpya inakesha ikimlisha mzee, asubuhi zote mbili zimelala. Nikacheka siku hiyo. Nakumbuka kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na ilinishangaza, kama mtu aliyepiga chafya.

Wewe ndiye fundi bora wa umeme wa gari kutoka Tlawi hadi Katesh, na nikisema hivyo sijisifu, naripoti. Fundi Marko wa Babati alipokuja kununua vitunguu, akaona pikapu, akalala chini kuitazama kama mgonjwa, alipoinuka alisema, "Kijana gani amefunga hii?" Nikamwambia kijana mwenyewe amevaa gauni, yuko jikoni anakanda unga. Alifikiri namtania. Ulipotoka na mikono myeupe kwa unga alikuuliza maswali matatu, ukajibu matatu, na la tatu ukamrekebisha. Ndiyo maana kesho unakwenda kufanya kazi kwake. Magari yanaingia Babati sasa, ya ofisi, ya wenye mabasi, ya watu waliojenga haraka, na kila mmoja anataka muziki usikike kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Utawakuta akina mama yako wengi huko.

Sasa nifike kwenye harusi. Najua hutaki kuisoma sehemu hii. Soma.

Harusi ya Safari niliitaka isikike. Baba yenu hayupo, nikasema basi babu yenu atasimama aseme slufay, yale maombi ya wazee wetu, na bonde zima lisikie kwamba nyumba hii haijafa. Babu yenu Tluway, kila mtu anajua, hakuna aliyekuwa akiyasema kama yeye. Anasema mstari, watu wanaitikia kwa pamoja, anasema mwingine, wanaitikia, na ule mwitikio ndio unaombeba kwenda mstari unaofuata. Amezoea kuyasema kwenye uwanja wa nyumba, watu wamemzunguka. Mimi nikamsimamisha kwenye pikapu.

Ulitaka spika zikae mbele kabisa, zimpe babu mgongo, naye asimame chini nyuma ya hizo spika, karibu na watu. Nikasema hapana, pikapu tumeifunga maua na riboni, itaonekanaje bila spika zake juu. Ukaniuliza mara mbili kama upunguze sauti. Nikakupungia mkono hivi, wa kuongeza. Uliongeza kwa sababu nilikuwa mama wa bwana harusi na watu wanatutazama.

Unakumbuka. Alisema mstari wa kwanza, akasubiri. Akasema wa pili, akasubiri zaidi, akageuza kichwa upande huu na upande ule. Wa tatu hakuumaliza. Akaiweka maikrofoni juu ya bodi, ikalia ule mlio unaokata meno, akashuka akisaidiwa na Safari, akatembea kwenda kwake akiwa na fimbo yake. Kwaya ikaingia haraka kufunika. Watu walikula. Wewe ulikimbia kuzima amplifaya, ukakaa ndani ya pikapu hadi jioni.

Tangu siku ile hajaombea mtu. Mtoto wa Safari amezaliwa, hakusema. Wewe ukimpa shikamoo anasema marahaba, halafu wewe unaingia ndani. Miezi yote hii umeamini amekukasirikia, kwamba amplifaya uliyoifunga wewe ilimharibia maombi yake mbele ya watu. Juzi usiku umeniambia, "Naondoka na hasira ya babu." Jana nilikwenda kwake kutafuta jibu.

Nilimkuta nyuma ya zizi ameshika mbuzi, anamtoa mwiba kwenye kwato.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, Mama Safari. Shika kichwa hiki, huyu hana adabu."

Nikashika kichwa cha mbuzi. Nikasema, "Natalia anaondoka kesho kutwa."

"Nimesikia. Hata kwa masikio haya."

"Tunaomba umwombee kabla hajaenda."

Akaendelea kutafuta mwiba. "Mwiteni Mzee Qamara. Anajua maneno kuliko mimi."

"Mzee Qamara anajua maneno, lakini anasinzia katikati."

"Asinzie. Yeye watu hawajamkataa."

Nikamuuliza ni nani aliyemkataa. Akaniangalia kama mtu anayedhani anadhihakiwa.

"Harusini. Nilisema, hakuna aliyeitikia. Nikasema tena, hakuna. Wewe umeolewa hapa muda mrefu. Mzee akisema maombi na uwanja ukanyamaza, maana yake nini?"

Natalia, nilibaki nimeshika yale masikio ya mbuzi. Maana yake unaijua hata wewe uliyekua na redio. Maana yake watu hawakubali maneno yake. Maana yake mzee ana jambo, ajitafute, anyamaze. Na yeye akajitafuta. Miezi yote hii alikuwa amekaa pale nyuma ya zizi akitafuta kosa alilofanya hadi ndugu zake wote wamkatae siku ya harusi ya mjukuu wake.

"Baba, waliitikia."

"Sikusikia."

"Waliitikia uwanja mzima. Nilikuwa nyuma, nilisikia. Ulikuwa umesimama katikati ya spika mbili, sauti yako mwenyewe inakurudia."

"Basi ndizo zilizoitikia," akasema. "Zilikuwa zinasema maneno yangu."

"Kwa nini hukumuuliza mtu?"

"Mtu aliyekataliwa anakwenda kuuliza kwa nini? Angemuuliza nani? Wewe ungeuliza?"

Nisingeuliza. Nikamwambia, "Natalia anadhani umemkasirikia yeye."

Hapo aliachia mguu wa mbuzi. Mbuzi akataka kuondoka nami.

"Natalia? Mimi nilidhani ananionea aibu. Kila nikija anaingia ndani. Nikasema, mtoto mwenyewe ameona babu yake amekataliwa, hataki kunitazama."

Halafu akasema, "Mwachie huyo mbuzi, unamnyonga."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na sijaongeza chumvi, ingawa ungeweza kunidhania. Sikuandika haya ili ujue kosa ni la nani. Riboni zilikuwa zangu, mkono uliopunga ulikuwa wangu, hilo kila mtu aliliona, halihitaji barua. Nimeandika kwa sababu wewe kesho unakwenda kufanya kazi ya sauti, na mimi kitu kimoja tu katika kazi hiyo nakijua kuliko wewe na kuliko Fundi Marko. Atakuja mteja kwako ametoa macho, anataka amplifaya kubwa kuliko ya jirani. Utampimia betri, utamwambia alternata inayochaji betri ya gari lake ina nguvu kiasi gani na itachoka lini, utamwonyesha fyuzi, utamkatia waya mnene. Hayo yote utayafanya vizuri. Ila mtazame na yeye. Labda nyumba yake imenyamaza. Usimnyime anachotaka, mimi ungeninyima ningekwenda duka jingine. Lakini muulize ni nani atakuwa anaongea ndani ya hilo gari, na ni nani anatakiwa kusikika akimjibu. Akikuona wa ajabu, mwambie ni swali la kwenu Tlawi, kuna mama mmoja huko anajua sana mambo haya.

Sijui kama mimi mwenyewe nimesikia watu vizuri tangu baba yako aondoke. Nadhani mlikuwa mnaniitikia, wewe hasa. Ile siku ya Dongobesh uliita "Mama" mara mbili na mimi nilisikia kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya korongo. Nilijua ni jina langu. Sikujua kama natakiwa kufanya nalo kitu. Leo niko hivyo hivyo. Nimekunja nguo zako zote, nimezikunjua, nimezikunja tena, na nisingekuwa nimeona rundo ningeapa sijagusa kitu.

Babu yako atakuja jioni hii. Amekubali, kwa masharti yake. Pikapu isiwashwe. Kwaya isiitwe. Tuwe sisi tu, Safari na mkewe na mtoto, majirani wa pande mbili, na Mzee Qamara, ambaye amesema atajitahidi asisinzie. Na amesema jambo moja ambalo sikulitegemea. Kwa kawaida anayeombewa anakaa ameinamisha kichwa, wengine ndio wanaoitikia. Amesema wewe usikae. Usimame karibu naye, uitikie pamoja na watu, mbele yake, amwone anayeitikia mdomo ukifunguka. Masikio yake hayaamini tena peke yake.

Kwa hiyo usiingie ndani akifika. Mpe shikamoo yako ubaki pale pale, hata kama miguu inataka kwenda. Atakuwa na woga kuliko wewe. Ataanza chini sana, labda hutayasikia maneno ya kwanza, halafu atanyamaza kusubiri. Usinitazame mimi, usimtazame Safari, usingoje wazee waanze. Itikia, Natalia. Kwa sauti ya kifuani, ile unayoitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Kama ni mtu mmoja tu atakayesikika, awe wewe.

Barua hii nitakupa ukifika mlangoni, uisome kabla hujavua viatu. Halafu uibebe. Ukiwa Babati na watu wanakuuliza kwenu ni wapi, unaweza kuwasomea sehemu ya kiwiko dirishani.

Mimi jioni nitakuwa nyuma yako, upande wa mlango. Nitaitikia. Sijui sauti itatokaje, huenda isitoke kabisa, kifua changu siku hizi kina mambo yake. Usigeuke kuangalia. Usipoisikia, usidhani nimenyamaza.

Mama yako